Fundi Anajibu: Namba ya Skrini Isipolingana na ya Mita

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji watuletee maswali kuhusu vifaa vya kukusanya data, yaani vile vinavyopokea volteji ya analogi kutoka kwenye kihisi, vikaigeuza kuwa namba na kuifikisha kwenye kompyuta. Barua zilizotufikia zimetoka zaidi Kigoma na Tabora, na nyingi zina lalamiko linalofanana: namba ya kwenye skrini hailingani na ya mita ya mkononi. Mara nyingi chanzo ni chaneli (mlango wa kifaa wa kuingizia volteji) iliyopangwa kabla mtu hajaijua vyema volteji anayoipima, yaani ukubwa wake, ukinzani wa mahali inakotoka, na sehemu ambako upande wake hasi umefungwa. Barua tumezifupisha, lakini vipimo vyake tumeviacha kama vilivyoandikwa.

Ndugu Mwalimu, mimi ni fundi wa sola hapa Kibirizi, Kigoma. Tuna chumba baridi cha kuhifadhia samaki kinachoendeshwa na betri za volti 24, nami nimepewa kifaa cha kukusanya data cha NI (National Instruments) USB-6009 kilichokwishatumika ili nifuatilie hali ya betri hizo. Volteji nimeigawa kwa rezista mbili, ya omu 300,000 na ya omu 100,000, kusudi volti 26 ziwe 6.5. Mita inasoma volti 26 kwenye betri, lakini kompyuta, baada ya kuzidisha kwa nne, inasema 19. Cha ajabu zaidi, chaneli ambazo sijaziunganisha na kitu zinaonyesha volti 1.4. Je, kifaa kimeharibika? Nina pia shanti, yaani rezista ndogo sana ya kupimia mkondo, ya ampea 100 kwa milivolti 75, na mkondo ninaousoma humo unaruka kwa ampea tatu tatu.

Ndugu fundi, kifaa chako ni kizima, na hiyo 1.4 unayoiona kwenye chaneli tupu ndiyo inayotoa jibu la swali lako la kwanza. Ndani ya USB-6009 kila chaneli hupitia kundi la rezista kabla ya kufika kwenye kigeuzi, yaani chipu inayogeuza volteji kuwa namba, na rezista hizo zimefungwa kwenye volteji ya rejea ya volti 2.5 iliyomo humo humo. Ukiitazama chaneli kutoka nje, inafanana na rezista moja ya omu 144,000 hivi iliyoshikizwa kwenye volti 1.4. Pasipo na waya wowote, namba inatulia hapo, na hiyo si hitilafu.

Sasa zitazame rezista zako. Ya 300,000 na ya 100,000 kwa pamoja zinaonekana kwa kifaa kama chanzo cha volti 6.5 chenye ukinzani wa omu 75,000. Chanzo kizito namna hiyo kikikutana na mlango wa omu 144,000 hakiwezi kushikilia volti zake, bali zinavutwa kuelekea 1.4. Hesabu inatoa volti 4.75, ambazo ukizizidisha kwa nne unapata 19, ile ile uliyoiona. Unaweza kujihakikishia mwenyewe: weka ncha za mita kwenye maungio ya rezista hizo mbili na upande hasi, chomoa waya unaokwenda kwenye kifaa, usome, kisha urudishe waya, usome tena. Utaiona mita ikishuka kutoka karibu 6.5 hadi 4.75, hali betri haijabadilika hata kidogo.

Dawa ni kuweka rezista ndogo. Tumia omu 3,000 na omu 1,000. Uwiano unabaki ule ule, ila chanzo sasa kina omu 750 tu, na kompyuta itasema volti 25.9. Tofauti ndogo iliyosalia utaiondoa kwa kulinganisha na mita katika volteji mbili, betri ikiwa imeshuka na ikiwa inachajiwa, kisha kurekebisha kizidisho kwenye programu. Rezista hizo zitakula miliampea 6.5, yaani takriban wati-saa 4 kwa siku nzima, ambazo paneli zako hazitazihisi. Usisahau fyuzi ndogo kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, kwa maana waya mwembamba ukigusana na hasi kwenye betri za sola huwaka kabla mtu hajauwahi.

Kuhusu shanti, hapo mpangilio wa chaneli ndio wenye kosa. Bila shaka umeiacha chaneli katika upimaji wa waya mmoja, ambao hulinganisha kila waya na hasi ya pamoja ya kifaa. Katika hali hiyo USB-6009 ina kiwango kimoja tu, kutoka volti −10 hadi +10, na hutumia biti 13, ambazo hufanya hatua 8,192. Volti 20 zikigawanywa kwa hatua hizo, kila hatua ni milivolti 2.44. Shanti yako hutoa milivolti 0.75 kwa ampea moja, kwa hiyo hatua moja ni ampea 3.26, na ndiyo maana mkondo unaruka tatu tatu. Ni kama kupima dhahabu kwa mizani ya magunia ya mahindi.

Ibadili chaneli hiyo iwe ya upimaji wa tofauti, ambapo nyaya mbili za shanti huingia kwenye milango miwili inayoshirikiana, AI0 na AI4, na kifaa husoma tofauti kati yao. Chaneli zitapungua kutoka 8 hadi 4, lakini biti zinaongezeka kuwa 14, na kiwango kinaweza kushuka hadi kati ya −1 na +1. Programu itakuuliza thamani ya chini na ya juu unayotarajia, ukiandika −0.1 na 0.1, yenyewe itachagua kiwango kidogo kuliko vyote kinachotosha. Hatua moja sasa ni milivolti 0.122, sawa na ampea 0.16. Hata hivyo, udogo wa hatua haumaanishi usahihi, kwa sababu kifaa kinaweza kuwa na kasoro ya sifuri ya milivolti moja au zaidi, ambayo kwa shanti yako ni ampea kadhaa. Zima mizigo yote pamoja na paneli, chukua wastani wa sampuli 1,000, na namba utakayoipata uitoe katika kila kipimo kinachofuata. Rudia kazi hiyo mara kwa mara, kwani kasoro hiyo huhama kadiri joto la chumba linavyobadilika.

Kuna mambo mawili ambayo barua yako haikuyagusa, nami nisingependa uyagundue kwa hasara. Kwanza, shanti iwe upande wa hasi wa betri. Ikiwa upande wa chanya, nyaya zake zote mbili zina volti 26 ukilinganisha na hasi ya kifaa, ilhali kila mlango unatakiwa ubaki ndani ya volti 10 juu au chini ya hasi hiyo. Tofauti kati yake ni milivolti chache tu, lakini kifaa hakiwezi kuiona kutoka juu huko. Usidanganywe na kile kiwango cha −20 hadi +20 kilichoandikwa kwenye programu: hicho kinahusu tofauti kati ya milango miwili, mmoja ukiwa +10 na mwingine −10, na hakitoi ruhusa ya kuweka volti 20 kwenye mlango mmoja.

Pili, hasi ya kifaa ifungwe mahali pamoja tu, kwenye upande wa shanti unaoelekea betri. Mafundi wengi huifunga pale, kisha hufunga nyingine upande wa mizigo kwa kudhani kwamba hasi zote ni moja. Kufanya hivyo ni kuizunguka shanti kwa waya mwembamba unaopita ndani ya kifaa. Siku boliti ya shanti itakapolegea, mkondo wote wa chumba baridi utatafuta njia kupitia waya huo, na kama kompyuta nayo inachajiwa kwa umeme wa inveta hiyo hiyo, hasara haitaishia kwenye kifaa.

Shikamoo Mwalimu. Baba yangu analima tumbaku ya mvuke huku Urambo, na msimu huu nataka nimsaidie kufuatilia joto la bani la kukaushia, aache kuamka usiku kwenda kusoma kipimajoto kwa tochi. Nimenunua themokapo ya aina ya K, yaani kihisi cha joto cha nyaya mbili za metali tofauti, na nina bodi ndogo ya kuprogramu ya Arduino Uno. Nimeiunganisha themokapo kwenye mlango wa analogi wa A0, lakini bani liwe baridi au liwe la moto, inaonyesha 0 au 1 tu. Naomba unielekeze.

Marahaba, binti yangu. Themokapo yako inafanya kazi yake, ila inazungumza kwa sauti ndogo kuliko anavyoweza kusikia huyo uliyemweka asikilize. Aina ya K hutoa takriban mikrovolti 41 kwa kila digrii moja ya tofauti kati ya ncha iliyo ndani ya bani na ncha iliyo kwenye bodi. Majani yanapogeuka njano bani huwa na digrii 35 hadi 40 hivi, na mwishoni, wakati wa kukausha vikonyo, hufika 70 au zaidi kidogo. Safari yote hiyo, tangu moto mdogo hadi moto mkubwa, haifiki hata milivolti 2. Arduino Uno ina biti 10 kwa volti 5, yaani hatua 1,024 za milivolti 4.88 kila moja. Msimu mzima wa baba yako umeingia ndani ya hatua moja.

Wapo watakaokushauri ubadilishe volteji ya rejea ya bodi itoke 5 iwe 1.1, jambo ambalo Uno inaliruhusu. Hatua itakuwa milivolti 1.07, nawe utaweza kuona 0, 1 na pengine 2. Haitoshi.

Kama unataka kubaki na themokapo, tafuta bodi ndogo yenye chipu ya ADS1115. Hiyo ina biti 16 na kikuza ndani yake, na kiwango chake kidogo kabisa ni kutoka volti −0.256 hadi +0.256, ambapo hatua moja ni mikrovolti 7.8, yaani hatua tano hivi kwa kila digrii. Ipange isome tofauti ya nyaya mbili, mmoja A0 na mwingine A1. Lakini themokapo haina hasi yake yenyewe, inaelea. Usipoishikiza mahali, volti za nyaya zote mbili zinaweza kupanda au kushuka pamoja hadi zitoke katika eneo ambalo chipu inaweza kupima, ambalo mwisho wake ni volteji inayoilisha chipu. Tumia rezista mbili za omu 10,000, moja kutoka kwenye volteji ya bodi na nyingine kutoka kwenye hasi, zikutane kwenye waya mmoja wa themokapo. Waya huo utakaa katikati na mwingine utaufuata. Angalia pia ncha ya themokapo isiguse bomba la chuma la moto, kwa sababu bomba limesimama ardhini, na mara hiyo chanzo chako hakitakuwa tena chenye kuelea. Bado utahitaji kujua joto la mahali bodi ilipo, uliongeze kwenye hesabu; bila hilo, usiku wa baridi utakuletea bani lenye joto la uongo.

Ukiniuliza mimi, kwa bani la tumbaku nisingehangaika na themokapo hata kidogo. Themokapo ni kifaa cha tanuri, la kuchomea matofali au la kuyeyushia chuma, na uwezo wake wa kuvumilia mamia ya digrii haukusaidii chochote mahali ambapo joto halivuki 75. Nunua themista, yaani rezista ambayo ukinzani wake hubadilika kwa joto, ya omu 10,000, ya aina isiyopenya maji, uiunganishe kati ya A0 na hasi, na kati ya A0 na volti 5 uweke rezista ya kawaida ya omu 10,000. Kwa themista zinazopatikana sana madukani, digrii 35 zitakupa takriban volti 1.97 na digrii 70 zitakupa 0.75. Hata kule juu, ambako themista huanza kuchoka, unabaki na hatua nne hivi kwa digrii moja, nazo zinamtosha mkaushaji yeyote.

Mpangilio huo una faida nyingine ambayo watu huipita bila kuiona. Volti 5 zinazolisha themista ndizo hizo hizo ambazo bodi inazitumia kama rejea ya kupimia. Chaja ya simu ikilegalega na volti 5 zikawa 4.8, vyote viwili vinashuka kwa uwiano uleule, na namba haibadiliki. Kwa hiyo usiilishe themista kutoka kwenye betri ya pembeni, hata kama betri hiyo ni nzuri kuliko chaja.

Mhariri, nina kihisi kilicho mita 30 kutoka kwenye kompyuta. Ni waya gani unafaa? Msomaji, Kasulu.

Waya wa mtandao wa kompyuta unafaa sana, kwa sababu nyaya zake zimesokotwa mbili mbili, na kelele inayoingia kwenye mmoja huingia vile vile kwenye mwenzake; upimaji wa tofauti huziondoa zote mbili. Tumia jozi moja kwa kihisi kimoja, usichanganye nyaya za jozi mbalimbali. Kama una ule wenye karatasi ya bati ndani, ifunge karatasi hiyo kwenye hasi upande wa kifaa tu, na upande wa kihisi uiache wazi. Usiupitishe waya huo kwenye bomba moja na nyaya za umeme wa nyumba.

Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Tabora mjini. Kwa mradi wangu nataka kurekodi umeme wa TANESCO na wa jenereta ya chuo, nione tofauti zake. Nimetumia transfoma ya volti 230 kwenda 9, nikaiunganisha moja kwa moja kwenye kifaa chenye biti 12, kiwango cha −10 hadi +10, nikasoma mara 49 kwa sekunde. Nimepata wimbi zuri sana, lakini linapanda na kushuka mara moja tu kwa sekunde, na vichwa vyake vimekatwa bapa. Mwenzangu anasema tungeacha transfoma, tugawe volti 230 kwa rezista. Ninyi mnasemaje?

Kijana wangu, nianze na la mwenzako, kwa sababu linahusu maisha. Msifanye hivyo. Rezista hupunguza volteji lakini haitenganishi. Hasi ya kifaa inaungana na bodi ya kompyuta kupitia waya wa USB, na katika soketi nyingi huwezi kuapa kwamba nyutro iko upande uliodhania. Soketi ikiwa imefungwa kinyume, sehemu za chuma za kompyuta zitakuwa na umeme wa volti 230 hali skrini inaonyesha namba za kawaida kabisa. Transfoma ndiyo inayowatenga ninyi na laini, na fyuzi ikae upande wa volti 230. Wewe uliyeileta transfoma ulikuwa sahihi.

Vichwa vilivyokatwa vina sababu rahisi. Volti 9 zilizoandikwa kwenye transfoma si kilele cha wimbi. Kilele kinapatikana kwa kuzidisha kwa 1.414, nacho ni volti 12.7. Tena transfoma ndogo isiyo na mzigo hutoa zaidi ya ilivyoandikwa. Kifaa chako kinaishia 10, na kilichozidi kinakatwa. Weka rezista za omu 3,000 na 1,000 baada ya transfoma, kilele kishuke hadi robo, kisha chagua kiwango cha −5 hadi +5 kama kifaa kinacho. Nafasi inayobaki juu ya kilele usiione kuwa ni upotevu, kwani jenereta inapoondolewa mzigo ghafla volteji yake hupanda, na tukio hilo bila shaka ndilo mnalotaka kulirekodi.

Lile wimbi la polepole ni uongo mtupu, ingawa kila nukta yake ni kweli. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde. Wewe unauchungulia mara 49, kwa hiyo kila unapofungua jicho, wimbi limekwisha kuzunguka mara moja na kidogo. Hizo «kidogo» zikijumlishwa zinakuwa mzunguko mmoja kwa sekunde. Ungesoma mara 50 kamili ungeona mstari ulionyooka na kudhani ni umeme wa betri. Kanuni inataka sampuli zizidi mara mbili ya mzunguko wa kasi kuliko yote uliomo kwenye wimbi, lakini hiyo ni ya kuepuka uongo tu. Ili uone umbo, soma angalau mara 1,000, upate nukta 20 katika kila mzunguko. Kwa jenereta inayolisha mashine za kulehemu au inveta za bei nafuu, umbo hilo lina makunyanzi ya kasi kubwa zaidi, nawe utahitaji kuongeza.

Hapo soma vizuri karatasi ya kifaa chako. Vifaa vingi vya aina hii vina kigeuzi kimoja kinachohudumia chaneli zote kwa zamu, na kasi iliyotangazwa ni ya wote kwa pamoja. Kama imeandikwa sampuli 10,000 kwa sekunde nawe umewasha chaneli 8, kila moja inapata 1,250. Zima zile usizozitumia. Vile vile usidhani kwamba programu inaweza kukusafishia uongo ule baadaye. Wimbi la 50 likishavaa sura ya wimbi la 1 hakuna kichujio cha kwenye kompyuta kinachoweza kulitambua. Kichujio, kama kinahitajika, ni rezista na kapasita vilivyowekwa kabla ya mlango wa kifaa.

Kwa kupata volteji ya kawaida tunayoitaja kila siku, yaani ile 230, chukua sampuli za sekunde 0.2, ambazo ni mizunguko 10 kamili, zipige mraba, tafuta wastani, kisha kipeuo cha pili, na uzidishe kwa uwiano wa transfoma na wa rezista zako. Mizunguko iwe kamili; kipande cha mzunguko kikibaki mkiani, namba zako zitayumba bila umeme kuyumba.

Mhariri, mimi ni fundi mitambo mstaafu, naishi Ujiji. Baada ya ziwa kupanda miaka hii ya karibuni, tumefunga kihisi cha kina cha maji mbele ya pampu yetu. Ni cha miliampea 4 hadi 20 kwa mita 0 hadi 5, kinalishwa na volti 24. Kifaa chetu kina biti 16 na kinapokea volteji tu, viwango vyake ni volti 10, 5, 2 na 1, juu na chini ya sifuri. Nimeweka rezista ya omu 250. Naomba kuuliza: kiwango kipi nichague, na kwa nini chaneli ya jirani, ambayo haina kitu, inapanda na kushuka pamoja na ziwa? Na wiki iliyopita asubuhi tulikuta kina cha mita −1.25.

Shikamoo mzee wangu. Rezista ya omu 250 umeichagua vema: miliampea 4 zinakuwa volti 1, na miliampea 20 zinakuwa volti 5. Kina kinapatikana kwa kutoa 1 kutoka kwenye volteji, kisha kuzidisha kwa 1.25. Rezista yenyewe iwe ya usahihi wa asilimia 0.1 ikiwezekana, na ikae kwenye skrubu za kifaa, si kule ziwani, kwa sababu mkondo haupotei njiani lakini volteji hupotea.

Ukiiweka 0 katika hesabu hiyo unapata −1.25 kamili. Kwa hiyo asubuhi ile ziwa lilikuwa mahali pake. Mkondo ndio uliokuwa umekatika, ama waya umetoka, ama umeme wa volti 24 umezimika. Huo ndio uzuri wa vihisi vinavyoanzia 4 badala ya 0: maji yakiisha kabisa bado unapata volti 1, na waya ukikatika unapata 0, vitu viwili ambavyo pampu haitakiwi kuvichanganya. Iandikie programu kwamba chochote kilicho chini ya volti 0.9 ni hitilafu, isikihesabu kuwa kina, na kama pampu inawashwa na kompyuta hiyo, iizime.

Kuhusu kiwango, ningekushauri uchague volti 10. Najua mafundi tumefundishwa kuchagua kiwango kidogo kinachotosha, na 5 inaonekana kutosha. Tatizo ni kwamba inatosha bila nafasi yoyote juu. Vihisi vingi vya aina hii hupeleka zaidi ya miliampea 20 kwa makusudi vinapotaka kutangaza ubovu wao. Miliampea 21 ni volti 5.25, na kwenye kiwango cha 5 ubovu huo utaonekana kama ziwa lililojaa mita 5 barabara. Tena hupotezi kitu cha maana: kwa biti 16, kiwango cha volti 10 kina hatua ya milivolti 0.305, ambayo kwenye maji ni chini ya nusu milimita. Mawimbi ya Tanganyika, boti moja ya dagaa ikipita, ni makubwa kuliko hayo mara nyingi sana. Mahali pa kutumia juhudi ni bomba la plastiki lililosimama, lililotobolewa matundu madogo chini, ambamo kihisi kitakaa kwenye maji yaliyotulia, pamoja na wastani wa dakika nzima badala ya sampuli moja.

Ile chaneli ya jirani inayocheza pamoja na ziwa isikusumbue. Kigeuzi ni kimoja, na swichi ya ndani hukihamisha kutoka chaneli hadi chaneli. Kwenye mlango wake pana kapasita ndogo sana inayobaki na chaji ya chaneli iliyotoka kusomwa. Chaneli inayofuata ikiwa na chanzo chenye nguvu, huisukuma chaji hiyo mara moja na kuweka ya kwake. Ikiwa tupu, hakuna wa kuisukuma, na kigeuzi kinasoma kivuli cha jirani. Funga kila chaneli usiyoitumia kwenye hasi kwa kipande cha waya. Kama baadaye utaweka kihisi chenye ukinzani mkubwa hapo nacho kikaanza kufuata ziwa, punguza kasi ya kusoma, au iagize programu iisome chaneli hiyo mara mbili mfululizo na kuitupa namba ya kwanza.

Hitilafu moja bado haijakupata, nami naomba uiwahi. Waya wa kihisi ukichubuka na nyaya mbili zikagusana, volti 24 zote zitaangukia rezista ya omu 250 na mlango wa kifaa. Rezista itabeba wati 2.3 na kuungua, na baada ya hapo mlango unabaki peke yake. Weka fyuzi ya miliampea 50 kwenye waya wa volti 24, na rezista ya omu 1,000 kati ya ile ya 250 na mlango. Kwa kifaa chenye mlango wa mamilioni ya omu, hiyo 1,000 haitagusa kipimo chako. Na kwa kuwa waya wenu unatoka ziwani, ambako radi za masika hazina mchezo, funga vizuia radi pande zote mbili za waya, kule kwenye kihisi na huku kwenye kifaa, vyote vikiwa na waya mfupi na mnene wa athi.